Serikali na kumbukumbu ya mauaji ya kimbari: mwalimu aanzie wapi?

"Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari ya kata, wilaya ya Iringa, si mbali na Kalenga. Mwaka huu, tulipofika kwenye vita vya Mkwawa na Vita vya Majimaji, mwanafunzi mmoja aliuliza kama yale waliyoyafanya Wajerumani huku kwetu ni mauaji ya kimbari kama ya Rwanda. Jibu nililompa halikuniridhisha hata mimi. Katika kutafuta, nikasoma kwamba majimbo kadhaa ya Marekani yana sheria zinazozitaka shule zifundishe mauaji ya kimbari, na serikali za majimbo hayo hutoa fedha kwa kazi hiyo. Nikapendekeza shuleni kwetu tuwe na siku ya kumbukumbu kila mwaka, na tuuombe mkoa utusaidie. Mkuu wa shule anasema hilo ni jambo la kisiasa tena halimo katika mtihani. Wazee wawili wa bodi wanasema ninafukua makaburi. Na darasani nina binti ambaye familia yake ina asili ya Rwanda. Sijui kama nitamsaidia au nitamuumiza. Je, serikali ya mkoa inaweza kutusaidia kama wanavyosaidiwa wenzetu? Nianzie wapi?"

Kamwene, Mwalimu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu mambo uliyoyaweka pamoja kwa kawaida hunijia yakiwa yametengana: mmoja huuliza habari za sheria, mwingine habari za fedha, mwingine namna ya kumlinda mtoto aliyebeba msiba wa nyumbani kwao. Wewe umekutana nayo yote katika chumba kimoja cha darasa. Nitakujibu kwa kirefu, nami nitaanza na neno lenyewe, kwa kuwa huko ndiko alikoanzia mwanafunzi wako, na kwa kuwa ombi lolote utakalolipeleka serikalini litategemea jinsi ulivyolitumia neno hilo.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo hata magazeti huyachanganya. Mauaji ya halaiki ni kuuawa kwa watu wengi kwa pamoja, kwa sababu yoyote ile. Mauaji ya kimbari yametokana na mbari, yaani ukoo au watu wa asili moja, na shabaha yake ni mbari yenyewe. Dhana hii ya kisheria ilibuniwa mwaka 1944 na Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland ambaye wazazi wake waliuawa chini ya utawala wa Wanazi, na Umoja wa Mataifa ukaiweka katika mkataba uliopitishwa tarehe 9 Desemba 1948. Mkataba huo unataja matendo matano: kuwaua watu wa kundi, kuwadhuru vibaya mwilini au akilini, kuwawekea kwa makusudi hali ya maisha ya kuwaangamiza, kuwazuia wasizaane, na kuwachukua watoto wao kwa nguvu na kuwapeleka katika kundi jingine. Matendo hayo peke yake hayatoshi. Sharti pawepo nia ya kuliangamiza, lote au sehemu yake, kundi la kitaifa, la kikabila, la rangi au la kidini, kwa sababu tu ni kundi hilo. Hapa ndipo wengi hupotea, wakidhani kwamba kipimo ni idadi ya maiti. Vita vinaweza kuua mamilioni visiwe mauaji ya kimbari, na mji mmoja mdogo unaweza kuangamizwa kwa nia hiyo na kosa likathibitika mahakamani.

Wanafunzi wa kanda yetu huuliza pia kuhusu mauaji ya watu wenye ualbino, na huenda wako nao watakuuliza. Ule ni ukatili wa kutisha, na watoto wana haki ya kusikia tukisema hivyo bila kupepesa macho. Lakini wauaji walisukumwa na tamaa ya mali iliyojengwa juu ya ushirikina, wala hawakukusudia kulifuta kundi zima duniani. Kulipa kosa jina lake halisi hakupunguzi uzito wake hata chembe.

Sasa tuje kwa Wajerumani. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walimuua kamanda Emil von Zelewski na kukivunja kikosi chake. Wajerumani walirudi kwa kisasi, wakaiteka ngome ya Kalenga mwishoni mwa Oktoba 1894, kisha wakamwinda Mkwawa hadi tarehe 19 Julai 1898 alipojiua kwa risasi huko Mlambalasi. Katika miaka hiyo ya kumwinda, vijiji vilichomwa na chakula na mifugo vikanyang'anywa ili wananchi wachoke kumficha. Miaka saba baadaye vikaja Vita vya Majimaji, vilivyoanzia Umatumbi Julai 1905 na kufika kwa jirani zetu Ubena mwezi Septemba, misheni ya Yakobi iliposhambuliwa. Gavana Götzen na makamanda wake waliona kwamba risasi haziwezi kuwamaliza watu waliotawanyika porini. Wakateketeza vijiji, mashamba na maghala ya nafaka, kazi iliyobaki wakaiachia njaa. Wajerumani wenyewe walitaja vifo 75,000 hivi, na wako wanahistoria wanaokadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wa hao hawakuwahi kushika mkuki.

Je, hayo ni mauaji ya kimbari? Linganisha na Namibia. Huko, tarehe 2 Oktoba 1904, Jenerali Lothar von Trotha, ambaye miaka ya 1890 alikuwa ofisa wa jeshi la Kijerumani huku kwetu Afrika Mashariki, alitoa amri ya maandishi kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya koloni, awe na bunduki au asiwe nayo, apigwe risasi. Nia imo ndani ya karatasi. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikubali kuyaita matukio yale mauaji ya kimbari kwa mtazamo wa leo. Kwa Tanganyika, hakuna mahakama iliyotoa uamuzi wa namna hiyo, na Ujerumani haijalitumia rasmi neno hilo kwa Majimaji, ingawa tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea na kuomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea wahenga wetu. Wanahistoria wanabishana. Upande mmoja husema nia ilikuwa kuwatiisha watu wabaki kuwa vibarua na walipa kodi, kwani mkoloni aliwahitaji wakiwa hai. Upande wa pili husema anayechoma ghala la nafaka akijua kwamba mvua za kupandia bado ziko mbali, tena akifanya hivyo kijiji baada ya kijiji, hawezi kudai kwamba hakukusudia vifo vya wenyeji wake.

Mimi naelekea kuamini kwamba njaa ile ilikuwa silaha iliyotumika kwa kujua, na kwamba katika baadhi ya sehemu za kusini ilikaribia sana lile tendo la tatu la Mkataba. Hata hivyo nisingemlazimisha mwanafunzi akubaliane nami. Mjibu kijana wako hivi: "Ulikuwa uhalifu mkubwa dhidi ya watu wetu, kama unastahili jina hili au jingine, tutazame ushahidi pamoja, tuulizane nia ilikuwa nini na tutaijuaje." Jibu hilo halimkwepi, wala halimdanganyi. Nakusihi usilipachike neno hili kila mahali ili ombi lako lipate uzito. Ofisa atakayelisoma atamwuliza mtu anayejua, na ukikosea hapo, hata sehemu ya kweli ya hoja yako itatiliwa shaka.

Kuhusu Marekani ulichosoma ni kweli, ila tafsiri imekupoteza kidogo. Illinois ilikuwa ya kwanza kuweka sharti la kufundisha mauaji ya Wayahudi, mwaka 1990. New Jersey ikafuata mwaka 1994 na sheria iliyogusa mauaji ya kimbari kwa jumla. Massachusetts ilipitisha yake mwaka 2021 pamoja na mfuko maalumu wa kuifadhili kazi hiyo. Majimbo hayo yana mabunge yake, kodi zake, na mamlaka juu ya elimu yake, kwa kuwa katiba ya nchi yao imeyaachia elimu. Kwetu neno jimbo lina maana nyingine. Wazee wako wa bodi wanakumbuka Jimbo la Nyanda za Juu Kusini la zama za Mwingereza. Vijana wanajua jimbo la uchaguzi lenye mbunge. Hakuna kati ya hayo lililo mfano wa Illinois. Mkoa wetu hauna bunge. Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais, na Sekretarieti ya Mkoa kazi yake ni kuzishauri na kuziwezesha halmashauri. Mtaala huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, chini ya Wizara ya Elimu; uendeshaji wa shule yako uko chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, kupitia halmashauri. Kwa hiyo ukiuomba mkoa utunge sharti la kufundisha somo fulani, unauomba kitu ambacho haunacho, na barua yako itajibiwa kwa upole halafu itawekwa kwenye faili.

Kuna somo moja la huko, hata hivyo, linalotufaa. Sheria peke yake haikumsaidia mwalimu. Kule New Jersey waliunda tume ya kudumu inayowaandaa walimu na kuwapatia vifaa, kwa sababu mwalimu aliyeamriwa kufundisha jambo zito asilolijua vizuri ama hulipita haraka, ama huonyesha picha za maiti na kuliacha darasa likiwa limepigwa na butwaa. Mimi nimeyaona yote mawili hapa hapa nchini, yakifanywa na walimu wema kabisa.

Kabla ya kuomba jipya, angalia serikali yetu imekwisha kujifunga wapi. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa 1948 mwaka 1984. Desemba 2006, jijini Nairobi, nchi za Maziwa Makuu, Tanzania ikiwemo, zilitia saini makubaliano yenye itifaki mahususi ya kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya ubinadamu na aina zote za ubaguzi. Kutokana na itifaki hiyo nchi yetu iliunda mwaka 2012 kamati ya kitaifa ya kuzuia makosa hayo. Na Arusha ilikuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoundwa Novemba 1994 na kufungwa mwisho wa mwaka 2015. Ni katika ardhi ya Tanzania, tarehe 2 Septemba 1998, ambapo Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alitiwa hatiani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza kutamkwa kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Mkuu wako wa shule anapohofia siasa, mwonyeshe haya kwa heshima. Ni mambo ambayo serikali imeyatia saini na kuyapokea nyumbani kwake, hayana chama.

Na kuhusu mtihani, mpe hoja ya kazi. Uvamizi wa kikoloni na mapambano ya Waafrika yamo katika muhtasari wa Historia, na mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Kipindi kizuri kuhusu njaa ya Majimaji kinajibu maswali ya mtihani, tena kinayajibu vizuri kuliko kukariri sababu sita za kushindwa.

Huwa nawaambia walimu kwamba serikali ina vitu vitatu ambavyo mtu mwingine hawezi kuvitoa: kukiri, mahali, na mwendelezo. Kukiri maana yake ni mamlaka kusema hadharani kwamba jambo hili lilitokea. Mahali ni makaburi, magofu na nyaraka zilizolindwa kisheria. Mwendelezo ni kwamba mwalimu akihamishwa kwenda Makete au Chunya, kazi haifi. Fedha huja baada ya hayo, na nimeona fedha zikija kabla yake zikaishia kwenye fulana na turubai za sherehe ya siku moja.

Chukua fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi ndani ya miezi sita. Lilirudi Kalenga mwaka 1954. Miaka thelathini na mitano ilipita kati ya ahadi ya serikali na mikono ya wazee waliolipokea, na katika miaka hiyo yote waliolitunza jambo hilo lisisahaulike ni watu wa kawaida waliokuwa wakisimuliana jioni. Leo wanafunzi wako wanaweza kwenda Kalenga kwa miguu kuliona. Serikali inahitajika, na kumbukumbu haiwezi kuisubiri serikali. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Songea hutufundisha upande mwingine. Kila mwaka tarehe 27 Februari hukumbukwa mashujaa walionyongwa pale mwaka 1906, na makumbusho ya Majimaji sasa yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Hilo ni jambo jema na la heshima, nami nimesimama pale nikiwa na uzito moyoni. Lakini msaada wa serikali una umbo lake: hupenda shujaa, kwa sababu shujaa analijenga taifa. Mama aliyekufa kwa njaa shambani Ubena na mtoto wake mgongoni hana sanamu, hana jina ukutani, ingawa watu wa namna yake ndio waliokuwa wengi kati ya waliokufa. Kuna jambo jingine pia ambalo hapa Iringa halipendezi kulisema: wakati wa Majimaji, Wahehe kwa sehemu kubwa hawakuinuka dhidi ya Mjerumani, na wako waliopigana upande wake. Kumbukumbu ya kiserikali ina kishawishi cha kuliruka hilo. Mwalimu asiliruke. Hata Rwanda, ambako dola imejenga mfumo wa kumbukumbu ulio imara kuliko mahali pengine popote barani, kuanzia Kumbukumbu ya Gisozi walikozikwa zaidi ya watu 250,000 hadi majuma ya maombolezo ya Kwibuka kila Aprili, watafiti huuliza kama kila msiba wa miaka ile umepata nafasi ya kutajwa. Swali hilo linaulizika bila kuigusa hata kidogo kweli ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo imethibitishwa mahakamani na haina mjadala.

Kwa hiyo, omba nini, na kwa nani? Anza na kibali cha maandishi. Mweleze mkuu wa shule kwamba unaomba vipindi viwili na ziara moja, kisha yeye amwandikie Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri, nakala kwa afisa utamaduni. Afisa utamaduni husahaulika sana, naye ndiye anayeweza kukuunganisha na wasimamizi wa Kalenga, na makumbusho ya Boma mjini Iringa, na wazee wenye masimulizi. Usimpelekee mtu yeyote ombi la siku ya kumbukumbu ya wilaya nzima kabla ya kuifanya shuleni kwako mara moja na kuiandikia taarifa ya kurasa mbili. Ukiwa na taarifa hiyo, diwani wako ana kitu cha kushika mkononi anapoingia barazani. Mwaka wa fedha huanza Julai, na maandalizi ya bajeti huanza miezi mingi kabla, kwa hiyo ombi la Mei limechelewa. Omba kitu kidogo kinachohesabika: usafiri wa darasa moja kwenda Songea, kabati la nyaraka, au nakala za masimulizi ya wazee yaliyonakiliwa na wanafunzi. Ukihitaji ujenzi mdogo, kama uzio wa mahali pa kaburi, mbunge anao Mfuko wa Jimbo, lakini eneo likiwa limelindwa na sheria ya mambo ya kale, usichimbe hata shimo la nguzo kabla ya kupata ruhusa ya wanaolisimamia.

Kuhusu tarehe, kuna jambo litakalokushangaza. Tarehe mbili za Umoja wa Mataifa, zote mbili, zinaangukia sikukuu zetu: tarehe 7 Aprili, ya kutafakari mauaji ya Rwanda, ni Siku ya Karume; na tarehe 9 Desemba, ya kuwakumbuka wahanga wa mauaji ya kimbari, ni Siku ya Uhuru, tena wanafunzi wako likizo. Ukiipanga mojawapo, utakuwa na uwanja mtupu, au utaonekana unashindana na sikukuu ya taifa, jambo litakalompa mkuu wako sababu nyingine ya kukataa. Mimi ningechagua tarehe 27 Februari, au tarehe 19 Julai ambayo Kalenga wanaijua bila kuelezwa. Rwanda ifundishwe mwezi Aprili shule zikiwa wazi, kwa kipindi cha kawaida, bila maandamano wala mabango.

Nikuongezee hazina iliyo karibu nawe ambayo wachache wanaijua. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Ifunda, na pia Kidugala upande wa Njombe, palikuwa na kambi za wakimbizi wa Kipoland, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti kwenda Siberia na Asia ya Kati, wakatoka huko kupitia Uajemi hadi Tanganyika. Hawakuwa manusura wa kambi za Wanazi, na usiwachanganye. Lakini walitoka katika nchi ile ile ya Lemkin, iliyosagwa kati ya madola mawili, wakalala chini ya baridi ile ile ya Ifunda ambayo wanafunzi wako wanaijua. Mtoto wa Iringa akisikia hivyo, Ulaya haiwi tena nchi ya vitabuni.

Wazee wa bodi usiwabeze. Anayesema unafukua makaburi mara nyingi anajua nani amelala ndani yake. Waendee nyumbani, mmoja mmoja, uwaulize walichosimuliwa na babu zao kuhusu njaa na kuhusu kukimbia. Nimeona mzee aliyepinga kwenye kikao akizungumza saa mbili kibarazani kwake, kisha akaomba yeye mwenyewe aitwe darasani. Hofu yao nyingine ni ya haki: kwamba utawarudishia watoto ukabila. Hapo utani utakusaidia. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Wanafunzi watauliza kama utani si matusi ya kikabila. Waeleze kwamba utani una pande mbili, kila mmoja ana zamu ya kuchekwa, na mtani wako ana wajibu wa kufika msibani kwako na kushika jembe. Redio ya RTLM ya Rwanda ilipowaita Watutsi mende, hapakuwa na zamu wala msiba wa kushirikiana. Aliyetajwa alikwisha kuondolewa katika hesabu ya watu. Wakiielewa tofauti hiyo watakuwa wamelielewa lile linalotangulia mapanga, nalo ndilo kiini cha somo zima.

Unapofundisha habari za Rwanda, tumia muda mrefu zaidi kwa yaliyotangulia kuliko kwa siku mia za mauaji yenyewe ya 1994: vitambulisho vya kabila vya enzi ya Wabelgiji, propaganda, orodha za majina. Taja makadirio, kuanzia watu 800,000 hadi zaidi ya milioni moja, kisha rudi kwa mtu mmoja, familia moja. Usionyeshe picha za maiti. Usiwaigizishe wanafunzi kuwa wauaji na wahanga, hata wakiomba; maigizo hayo hujeruhi na hayafundishi kitu. Waeleze pia kwamba mamia ya maelfu waliovuka Rusumo kuingia Ngara mwishoni mwa Aprili 1994 hawakuwa wote wahanga, maana miongoni mwao walikuwamo waliotoka kuua, na kwamba nchi yetu ililazimika kuwalisha wote wakati haki ikitafutwa.

Nimemwacha binti yako mwisho kwa sababu kwake ndiko ningependa uwe mwangalifu kuliko kote. Asili ya Rwanda haikuambii lolote kuhusu yaliyoipata familia yake. Inawezekana waliingia nchini mwaka 1959, au 1994, au wamekuwapo tangu kabla ya mipaka. Inawezekana walipoteza ndugu, na inawezekana wana ndugu aliyefungwa. Usimwombe asimulie, usimtazame unapotaja Watutsi au Wahutu, na usimtambulishe kwa wenzake kama mfano hai. Kabla ya kipindi cha kwanza, mwite mzazi au mlezi, umweleze utakachofundisha na siku gani, na umsikilize. Mweleze binti mwenyewe pia, faraghani, kwamba anaweza kutoka nje bila kuomba ruhusa, na umpange mwalimu wa kike atakayemfuata. Baada ya kipindi, mwangalie kwa majuma kadhaa. Akianza kukosa usingizi, kujitenga, kushtuka kwa kelele, kushuka ghafla katika masomo au kuzungumzia kifo, usijaribu kumtibu kwa maneno yako mwenyewe. Mpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha siku hiyo hiyo, na kupitia kwake kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au hospitali ya mkoa yenye huduma ya afya ya akili. Na kama mzazi atasema hataki mtoto wake awepo, heshimu hilo bila kumdai sababu, mpe binti kazi nyingine maktaba, na umwambie mzazi kwamba mlango uko wazi akibadili mawazo.